Mkate wa Mikono Miwili

Mkate wa slesi ukilala ndani ya mfuko wake wa nailoni hutoa jasho. Asubuhi ukiufungua, kabla macho hayajaona kitu, inakufikia harufu ya chachu na unyevu, tamu kidogo na iliyochoka kidogo. Juzi nilifungua mfuko wa namna hiyo jikoni kwangu, mbali na Bariadi, nikasimama na kipande mkononi mpaka maji ya jikoni yakachemka yakakauka. Kwa watu wengi harufu hiyo ni ya kifungua kinywa. Kwangu ni ya Jumapili, ya ghala la pamba, na ya bibi yangu akiwa chini kwenye sakafu ya saruji, viganja vimefunguka.

Hatukuwa na jengo la kanisa wakati huo. Tulikodi ghala la zamani la mnunuzi wa pamba, nyuma kidogo ya barabara iendayo stendi. Watu wazima walilifagia, wakalipaka chokaa, wakapanga viti vya plastiki, lakini pamba haikuondoka. Ilikuwa imejishikiza juu kwenye mbao za paa, na upepo ukipenya chini ya mabati nyuzi nyeupe zilishuka polepole kwenye mabega ya watu wakiimba. Mimi nilidhani hivyo ndivyo yalivyo makanisa yetu yote. Niliamini mahali Mungu anaposikiliza hunyesha pamba.

Majirani walituita Wamormoni. Sisi tulikuwa na jina letu refu, ambalo mtoto alilimaliza akiwa ameishiwa pumzi. Waendesha bodaboda wa pale kona walituita watu wa bima, kwa sababu kila Jumapili wanaume wetu walipita wamevaa mashati meupe na tai, hata wale ambao katikati ya wiki walikuwa na tope la mpunga hadi magotini.

"Watu wa bima! Leo mnalipia na ng'ombe waliokufa?"

"Tunalipia wa kufa," kaka yangu Masanja aliwajibu, akikaza tai yake. "Leta hiyo pikipiki yako tuiandikishe, inakohoa."

Vijana wa kwanza kuleta dini hii mjini kwetu walikuwa wamevaa hivyo, shati jeupe na tai, wakitembea wawili wawili. Wanaume wa Bariadi waliwatazama, wakavaa hivyohivyo. Hakuna aliyesema ni amri. Hakuna aliyesema si amri. Mwanamume mmoja mkulima alikaa nyumbani miezi mingi akisubiri kupata shati jeupe ndipo amrudie Mungu, na alipolipata tulimpigia makofi kana kwamba amefufuka.

Kiongozi wa kikundi chetu aliitwa rais wa tawi. Alikuwa Rais Mayunga, afisa mifugo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alibatizwa Dar es Salaam akiwa masomoni, na yote aliyoyaona huko aliyabeba kuja nayo: namna ya kupanga viti, namna ya kukunja mikono wakati wa sala, namna ya kuitana Ndugu na Dada bila kujali umri. Alikuwa mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane vingine.

Bibi alikuja kuishi nasi baada ya Guku, babu yangu, kufariki kule Kalemela. Alishuka na kigoda chake, mkeka, na kopo la ugoro alilolificha katika pindo la kitenge. Mama alikuwa ameshajiunga na kanisa. Bibi aliwasikiliza wale vijana wawili wakieleza, Mama akitafsiri kwa Kisukuma, na kila walipomaliza jambo alisema "ehe" bila kuonyesha lolote. Walipofika mahali pa kusema kwamba ndoa na familia havikomei kaburini, aliinua kichwa.

"Waulize. Mzee wangu nitamwona?"

Wakasema ndiyo, atamwona.

"Nitamwona tu, au tutaongea?"

"Mtaongea, Bibi."

"Basi vizuri. Nina maneno naye."

Akabatizwa. Aliacha ugoro, na kopo lake likawa la kuwekea vifungo. Aliacha chai, ambayo aliipenda kuliko nyama. Aliacha kumwagia wahenga pombe mlangoni. Yote hayo aliyaacha bila kelele, kwa hiyo mtu asije akasema kwamba bibi yangu alikuwa mkaidi. Alipoambiwa kwamba jambo ni la Mungu, alilifanya.

Jumapili yake ya kwanza baada ya kubatizwa, ulifika wakati wa sakramenti. Kwetu ni mkate na maji. Wanaume mbele huumega mkate, mmoja hupiga magoti na kuuombea, kisha wavulana huupitisha kwa sahani safu kwa safu. Watu hukaa kwenye viti vyao, kila mmoja huchukua kipande chake kwa mkono wa kulia na kumpa jirani sahani. Hufanyika kimya na haraka. Masanja alikuwa mmoja wa wavulana hao, na safu yetu ilikuwa yake.

Sahani ilipomkaribia, Bibi alishuka kwenye kiti. Alitandika kitenge chini, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaunganisha viganja viwili akavifanya kama kibakuli. Kisha akasubiri.

Safu ikasimama. Masanja akabaki na sahani mkononi, masikio yamekuwa mekundu kama udongo wa Kalemela. Hakujua afanye nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kumpa mtu. Kwetu mtu hujichukulia. Uzi mmoja wa pamba ulishuka ukatua kwenye mvi za Bibi. Mwishowe Masanja aliokota kipande akakiweka katika viganja vile. Bibi akasema, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Wabeja," ambalo ni asante yetu, akala, akapanda kitini.

Njiani kurudi nyumbani Masanja alitembea pembeni.

"Bibi, usinipigie magoti mbele za watu. Wenzangu wananiita mtemi."

"Nani amekupigia wewe magoti?" Bibi alisema. "Wewe ni kibuyu tu. Mtu akiletewa maziwa, anashukuru kibuyu?"

Mama alicheka mpaka akashika mti. Lakini kicheko hicho hakikudumu, maana katikati ya wiki Rais Mayunga alikuja nyumbani. Alikaribishwa kiti, akapewa maji. Alianza kwa mbali, kwa mvua na kwa bei ya dawa ya pamba.

"Dada Minza," alisema hatimaye.

"Mimi ni dada yako?" Bibi aliuliza. "Mama yako ndiye aliyenizaa na mimi?"

"Ni mtindo wa kanisa tu. Kule wote ni ndugu."

"Haya, kaka yangu. Sema."

Rais alisafisha koo. Akaeleza kwamba sakramenti hupokelewa mtu akiwa amekaa, kwa mkono wa kulia. Akaeleza kwamba viongozi kutoka Mwanza wangekuja kuangalia kama tawi letu limekomaa, na alitaka wakute utaratibu. "Uzuri wa kanisa hili ndio huo. Ukienda Kenya, ukienda Brazili, unakuta ni vilevile. Tukiacha kila mtu aingize ya kwao, baada ya muda litakuwa kanisa la Kisukuma."

"Na huko Brazili, mtu akipewa kitu na mkwe wake, anakipokea amekaa?"

"Sijui, Dada."

"Uliza."

"Nitauliza. Lakini kwa sasa nakuomba tufanye kama wengine."

Bibi alikuwa akichambua mtama kwenye ungo, na aliendelea kuchambua. "Chumvi ya dukani naipokea kwa mkono mmoja," alisema mwishowe. "Hata nikiwa nimekaa. Mwenye duka hajanipa, ameniuzia. Kilichotoka kwa mkubwa na hukukilipia, hukipokei kama chumvi."

"Si amri ya Mungu upokee hivyo."

"Na ya kukaa ni amri yake?"

Sasa, nikiwa mtu mzima, najua kwamba hapo ndipo Rais angeweza kusema hapana, na yote yangeishia kwenye ungo ule wa mtama. Lakini nadhani mwenyewe hakuwa na uhakika. Dini ilikuwa imemfikia yote pamoja, mafundisho na mashati katika furushi moja, na hakuna aliyemfungulia akamwonyesha kipi ni nguo na kipi ni mwili.

"Ndivyo tunavyofanya," alisema.

Jumapili iliyofuata alitangaza mbele ya wote, bila kumtaja mtu, jinsi sakramenti inavyopokelewa. Sahani ilipofika, Bibi alikuwa amekaa. Mikono aliikunja mapajani. Masanja alisimama kidogo, Bibi akamtazama kwa upole, akatikisa kichwa, na sahani ikapita. Na maji yakapita pia.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Hakugomba, wala hakuacha kuja. Alivaa kitenge chake kizuri, akaimba nyimbo ambazo maneno yake hakuyajua, na mkate ukampita kama gari lisilo na nafasi.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Mwalimu wa watoto alikuwa amechora ubaoni watu walioshikana mikono, mstari mrefu wa babu na bibi na wajukuu, akatuambia hiyo ndiyo familia ya milele. Nyumbani tulibandika picha ukutani kwa ugali uliobaki. Nikaunganisha mambo mawili hayo kichwani mwangu, nikaamua kwamba mkate wa Jumapili ndio gundi. Asiyekula anabanduka. Kila sahani ilipompita Bibi nilimwona akilegea pembeni, kama picha ya kalenda wakati wa mvua, na niliona siku atakapoanguka kabisa, Guku atabaki akisubiri kule na maneno yake, na sisi hatutamkuta.

Kwa hiyo siku moja sikula kipande changu. Nilikibana kiganjani nyimbo zote, hotuba zote, hadi nyumbani. Kilikuwa kimekuwa kidogo na cha kijivu nilipompelekea.

"Ni nini hiki?"

"Mkate wako. Ule ili usibanduke."

Alinitazama bila kuelewa. Akakichukua kwa vidole viwili, akakigeuza. Nilingoja apige magoti. Akanirudishia.

"Kule ulikuwa wa Mungu. Huku ni mkate tu," alisema. "Kula wewe, umekonda."

Mwaka ukasogea. Siku moja ya mafunzo baada ya ibada, tulikuwa tukisoma kitabu chetu kwa zamu, kila mtu sehemu yake, na zamu ilimfikia Mama. Ilikuwa sehemu inayoeleza jinsi watu wa kale walivyobariki mkate. Mama alisoma vizuri, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama.

"Endelea, Dada," alisema Rais Mayunga.

"Naendelea." Akasoma tena. Paliandikwa kwamba anayeuombea mkate hupiga magoti pamoja na watu wote wa kanisa.

Nakumbuka mtu alikohoa, na nje bodaboda ikapita. Bibi, ambaye Kiswahili cha vitabu kilimpita juu, alimvuta Mama kitenge. Mama akamnong'oneza kwa Kisukuma.

"Kwa hiyo waliokosea ni waliokaa?" Bibi aliuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza njia.

Watu waliojua Kisukuma, yaani karibu wote, wakaangua kicheko. Rais Mayunga hakucheka. Alikichukua kitabu kutoka kwa Mama, akasoma peke yake, midomo ikicheza. Nilimwona akisoma mara ya pili, na nikamwona akiangalia viti, safu kwa safu, kama mtu aliyeviona leo.

"Hili nilikuwa nalisoma kila mwaka," alisema. Baadaye akasema, "Nitauliza Mwanza."

Pengine alikuwa na aibu kuuliza, au aliuliza wakachelewa kumjibu. Sijui. Ninachojua ni kwamba pamba ilikuwa imeshaanza kupasuka mashambani wakati Bibi alipoanguka uani, ungo ukiwa mikononi. Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya muda, upande wake wa kulia umekufa, na mdomo umevutwa kidogo kana kwamba anataka kusema jambo la utani.

Rais Mayunga alikuja Jumapili mchana, baada ya ibada, akiwa na Masanja na kijana mwingine wa kuombea mkate. Chumba cha Bibi kilikuwa kidogo. Walipoingia watatu na mashati yao meupe kilijaa mwanga. Rais hakukaa.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Mayu ni mama, na hiyo ni salamu ya asubuhi na ilikuwa saa nane, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Bibi aligeuza macho.

"Mayu, niliuliza. Wamesema hakuna andiko linalokataza. Kukaa ni mazoea tu, hata mkono wa kulia ni mazoea. Mimi ndiye niliyeyafanya amri. Nimekunyima kisichokuwa changu."

Bibi alihangaika na ulimi. Maneno yalitoka yamevunjika, na Mama aliinama kuyaokota.

"Anasema nini?" Rais aliuliza.

Mama alisita. "Anasema magoti yake yamekwenda likizo. Umechelewa kidogo."

Kile kilio kilichomtoka Rais kilikuwa nusu kicheko. Akapiga magoti pale pale. Kijana wa kuombea akapiga magoti, Masanja naye, Mama naye, na mimi, tumebanana kama mbuzi, suruali nyeusi juu ya udongo. Mkate ulikuwa kwenye sahani yetu ya kila siku, ile yenye maua. Kijana aliomba. Masanja akasogeza sahani.

Bibi hakuchukua. Nilidhani amekataa tena. Kisha niliona mkono wake wa kushoto ukitambaa chini ya blanketi, ukitafuta. Uliupata mkono wa kulia, ukauvuta nje kwa kiwiko, ukaulaza kifuani. Ukajipanga pembeni yake. Lakini mkono uliokufa ulikuwa ngumi. Haukufunguka.

Rais Mayunga alisogea kwa magoti. Alikuwa mtu wa kufungua midomo ya ndama wasiotaka dawa, na vidole vyake vilijua subira hiyo. Alivikunjua vidole vya Bibi kimoja baada ya kingine, akavishikilia visirudi, akaviunganisha na vya kushoto mpaka kikawa kibakuli, kimepinda lakini kibakuli. Masanja akaweka mkate. Rais akaiinua mikono yote miwili hadi mdomoni.

"Wabeja," Bibi alisema. Hilo halikuhitaji Mama kulitafsiri.

Aliishi mpaka mvua za vuli, na kila Jumapili walikuja. Alipofariki sikumwona akibanduka. Niliona tu kwamba kitanda kimekuwa kipana.

Hivi karibuni nilirudi Bariadi kwa arusi ya ndugu. Mji umejaa ofisi za mkoa na maduka ya simu. Tawi sasa lina jengo lenye vigae, na hakuna pamba inayoshuka. Rais Mayunga alihamishwa kikazi zamani. Niliingia nikakaa nyuma, katikati ya watu nisiowafahamu, na sahani zilipoanza kuzunguka niliona wanawake wote wakishuka kwenye viti, safu nzima, wakitandika vitenge, wakiunganisha viganja. Nilibaki nimekaa kwa mshangao tu.

Msichana mmoja akanigusa bega. "Dada, hapa hatukai," alininong'oneza kwa heshima. "Mwanamke anapokea amepiga magoti."

"Imeandikwa wapi?"

"Ndivyo kanisa linavyofundisha," alisema, akishangaa kwamba sijui. "Tangu mwanzo."

Nilipiga magoti. Nilikuwa na sababu zangu. Kando yangu mama mmoja mzee, mnene, alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili akijaribu kujishusha. Goti lake moja lilikuwa limevimba, limefungwa kitambaa. Alishuka kidogo, akaguna, akapanda. Msichana alimtazama. Akajaribu tena, jasho likimtoka.

"Mayu," nilimwambia. "Kaa."

"Nikae?" Alinitazama kwa hofu ya kweli. "Si dhambi?"

"Si dhambi."

"Nani kasema?"

"Rais wa tawi aliuliza Mwanza. Muda mrefu umepita. Alimwambia bibi yangu mwenyewe, nikiwepo."

Alinipima kwa macho, kisha akampima msichana, kisha goti lake. Akajiachia. Kiti kililia. "Wabeja," alipumua, nadhani alikuwa akikishukuru kiti. Sahani ilipofika akachukua mkate kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukabaki chini, umelishikilia goti.